Salamu za Waa kwenye Simu ya Mezani

Timbwani, baada ya alasiri

Mejumaa mwanangu,

Wewe uko Shelly Beach na wenzako mnaagana, babako amelala na redio kifuani, nami nimekaa kwenye kile kiti mlichokuwa mkigombania wewe na paka, karibu na simu ya mezani. Pazia linaingia ndani na kutoka. Huu ndio ule mwanga wa saa kumi na moja kasoro unaofanya hata vumbi lionekane limetulia, na nyumba nzima inasinzia. Mara nasikia honi ya feri, kisha kimya kinarudi. Nimelipata daftari lako la hesabu la darasa la saba, nimechana karatasi za katikati, na sasa namwandikia barua mtu ambaye kesho alfajiri nitakunywa naye chai. Usinicheke. Yapo maneno ambayo mdomo wangu haujapata kuyatamka, na kwa umri huu sidhani utajifunza.

Mambo ya blanketi na dawa ya mbu sitakuandikia. Babako ameshaandika orodha ya vitu vya Lodwar, kurasa mbili nzima, na cha tatu ni mwavuli; sijui nani kamwambia kule kwenye ukame kunanyesha. Ya kazi yako ya maabara huko siyajui, hayo umesomea wewe. Mimi nataka kukueleza habari ya hii simu, kwa sababu umekua nayo sebuleni miaka yote na hujui nusu ya mambo yake.

Ilikuja ukiwa darasa la nne. Kule Kipevu, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini alikokuwa babako karani, walikuwa wanabadilisha vyombo, na wafanyakazi wakaambiwa kila mtu achague kimoja cha zamani aende nacho. Wenzake walichukua viti vya kuzunguka na feni. Babako akavuka feri ameikumbatia simu ya mezani yenye kioo kidogo na mashine ya kupokea ujumbe. Mimi nilitaka feni. Nilinuna hadi Ijumaa. Lakini wakati ule kazi yangu ya kupikia watu harusi ilikuwa inaanza kujulikana, simu ya mkononi tulikuwa nayo moja tu, na hiyo ilishinda Kipevu mfukoni mwake. Kwa hivyo laini ilipowekwa nikaona aibu kuendelea kununa.

Alitukalisha sebuleni akatufundisha kama mwalimu wa chuoni, kijitabu mkononi. Hiki kioo, akasema, kinakuonyesha anayepiga kabla hujainua. Ukiwa unaongea na mtu, kisha usikie tii, tii ndani ya sikio, ujue kuna mwingine anabisha hodi nyuma. Unabonyeza hapa, wa kwanza anangoja, wa pili unamsikiliza. Na msipokuwepo, mashine inapokea, anayepiga anaacha maneno yake, na hii taa nyekundu inawakawaka hadi mje msikilize. Wewe ulishika yote kwa mara moja. Mimi ilinichukua mwezi. Siku moja mama wa bwana harusi alikuwa kwenye laini, babako akapiga nyuma yake, nikabonyeza nikidhani nimemchukua babako, nikasema, "Uje na maziwa, na tafadhali ukanyolewe hizo ndevu, wanitia aibu." Mama wa watu akaniuliza kwa adabu kabisa maziwa ni ya nini.

Na ile sauti ya kwenye mashine! Babako alitukataza tusirekodi mimi wala wewe, eti sauti ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Akasimama wima, akakohoa, akasema: "Umepiga simu nyumbani. Kwa sasa hatupo. Tafadhali acha jina lako, namba yako, na maelezo mafupi ya shehena yako." Shehena! Miaka yake yote bandarini ilimtoka mdomoni bila yeye kujua. Tukamwomba arekodi upya, akasema kilichosemwa kimesemwa. Wateja wangu walikuwa wakiacha ujumbe huku wanacheka, mmoja akisema shehena yake ni kuku arubaini na mbuzi wawili.

Nyanyako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa na neno na hiyo simu tangu siku ya kwanza. Alikuwa na ile simu yake ndogo ya tochi, na babako alikuwa ameiandika namba yake kwenye ya mezani kwa jina la MAMA WAA, kijiji chake. Akapiga. Nikaona jina, nikainua kwa furaha.

"Haloo mama, shikamoo!"

Akasema polepole, "Wanijuaje ni mimi na bado sijasema?"

"Nimekuona kwenye kioo, mama."

"Waniona? Na mimi niko hapa Waa na kanga ya jikoni?"

Nikamweleza kwamba ni jina tu linaloonekana. Hakupenda hata kidogo. "Basi hiyo si salamu, mwanangu," akasema, "huo ni upelelezi. Mtu hodi hajapiga, wewe ushamchungulia dirishani na kuamua kama umo ndani au humo."

Nilicheka siku ile hadi nikashika ukuta. Sasa sicheki.

Nikurudishe kwenye harusi ya binamu yangu kule Waa, ambapo wewe ulikuwa msichana wa kubeba maua na ukalala kabla ya bibi harusi kutoka. Nilipika mimi. Masufuria manne ya pilau, na nilikuwa nimeamka kwa kuni tangu usiku wa manane, macho mekundu, mikono yanuka vitunguu. Wanawake wa ukoo wote wamekaa kwenye mikeka. Nyanyako akaletewa sahani ya kwanza kwa heshima yake. Akachota, akatafuna, akatazama juu, na uani pote wakamngojea. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kuongea na watu wa ng'ambo, "Siti, chumvi imepungua."

Basi. Hilo tu. Na ilikuwa kweli, chumvi ilikuwa imepungua. Lakini mimi nilisikia kicheko kutoka kwenye mkeka wa mwisho. Mbele ya watu! Kazi yangu ndiyo kwanza inasimama, na mama yangu mzazi ananivunja mbele ya wateja wangu wa kesho. Nikatabasamu, nikaleta kijisahani cha chumvi, nikaendelea kugawa chakula. Moyoni niliapa kuwa hatanisikia tena.

Wiki tatu. Waa na hapa ni mwendo gani, Mejumaa? Ukipanda gari hapo Likoni hujamaliza karanga za mkononi ushafika. Sikwenda, wala sikupiga. Alipopiga yeye mara ya kwanza nilikuwa sokoni. Mara ya pili ulipokea wewe, nikakuonyesha kwa mkono useme sipo, ukasema sipo. Ulikuwa mtoto, na nilikufundisha uongo ili nimwadhibu mama yangu. Hilo nalo naliweka hapa kwa sababu hakuna mahali pengine nimeliweka.

Mara ya tatu ilikuwa saa kama hizi, mwanga kama huu, wewe uko shule. Nilikuwa naongea na mteja wa Changamwe, mwanamke mmoja mpole ambaye binti yake alikuwa anaolewa mwezi ule, tunahesabu wageni. Nikasikia tii, tii ndani ya sikio. Nikatazama kioo. MAMA WAA.

Yule mteja alikuwa na sikio kali, akasikia nimekatika. Akaniuliza, "Una mtu huko nyuma? Mchukue, mimi nitangoja. Sina haraka."

Nikamjibu, "Ah, si mtu."

Nimeyasema hayo maneno mara moja tu maishani, na nimeyasikia kila siku tangu hapo. Si mtu. Aliyenizaa, anabisha hodi, naona jina lake limekaa hapo kwenye kioo linangoja, nami nasema si mtu, kisha naendelea kuuliza kama wageni wa upande wa kiume wanakula nyama ya ng'ombe. Tii, tii. Tii, tii. Halafu ikakoma, nikaona nimeshinda.

Nilipoagana na mteja nikatoka uani; simu ikalia tena, nikaiacha, mashine ikapokea. Niliporudi ndani taa nyekundu ilikuwa inawakawaka. Nikaitazama, nikachukua kile kitambaa cha kufuma kilichokuwa chini ya simu, nikaifunika. Siku nne taa iliwaka chini ya kitambaa. Nikipita na ufagio naiona kwenye matundu ya uzi. Nilikuwa nasema atangoja, kama mimi nilivyongoja pale uani kwa watu. Nilikuwa na raha ya ajabu, ile raha ya mtu anayekwaruza kidonda. Sikufichi, nilikuwa nafurahia.

Siku ya nne asubuhi simu ililia. MAMA WAA. Na hapo, Mejumaa, moyo wangu ulikuwa umeshachoka kununa. Nilikuwa nimeshaamua nitapokea. Nilikuwa hata nimeshapanga nitasema haloo ya baridi kidogo, ajue bado nimekasirika, lakini nimepokea. Nikainua. "Haloo."

"Siti, mwanangu, ni mimi Mwanatumu, jirani wa mamako." Kisha akaanza kulia.

Kile kioo hakikusema uongo. Namba ilikuwa yake. Ila aliyeshika simu hakuwa yeye.

Mambo ya mazishi unayakumbuka kidogo, najua, ulikuwa umeshika mkono wa babako. Mimi sikumbuki kitu ila kwamba nilitaka kupika na hawakuniruhusu. Tulikaa Waa hadi hitima. Tuliporudi nyumba ilikuwa na ile harufu ya kufungwa. Babako akakuchukua mwende kununua mkate, nikabaki mimi na taa nyekundu. Bado ilikuwa inawaka. Nikaondoa kitambaa, nikabonyeza.

Kwanza nilimsikia babako na shehena yake. Kisha mlio. Kisha upepo wa Waa, na jogoo. Kisha yeye.

"Haloo? Siti?"

Akanyamaza.

"Siti, hujambo, mwanangu?"

Akanyamaza. Nikaelewa anafanya nini. Wewe hukumjua kwa kina, lakini nyanyako alikuwa mtu wa salamu kamili. Kwake hakuna kusema lako kabla hujamuuliza mwenzio hali yake, ya mumewe, ya watoto, na kila swali linangojwa jibu lake, kwa sababu ukiuliza usingoje jibu umemtukana. Mashine hakuijua. Babako alimwambia shehena, yeye akasikia sauti ya mkwewe tu, akajua amefika nyumbani kwa mtu, na nyumbani kwa mtu unaamkia.

"Wazima nyote?"

Akanyamaza. Jogoo akawika.

"Na baba Mejumaa hajambo? Kazi yaendelea?"

Akanyamaza.

"Na Mejumaa? Yuwasoma?"

Akanyamaza. Kisha akasema, kama mtu aliyejibiwa vizuri kabisa, "Haya, alhamdulillahi. Mimi nami ni mzima, ni kifua tu hiki. Sasa, mwanangu, nalikupigia nikwambie..."

Mlio. Mashine humpa mtu dakika moja tu, nayo ilikuwa imekwisha.

Hayo ndiyo yote. Mama yangu aliitumia dakika yake ya mwisho na mimi kunijulia hali, na lile lililomfanya apige likabaki kwake. Sijui alitaka kuniambia nini. Sitajua. Bi Mwanatumu nilimuuliza, akasema hakumwambia. Pengine kifua kilikuwa kinambana alitaka nimpeleke hospitali. Hilo ndilo linaloniamsha. Pengine alitaka radhi, ingawa hakuwa mtu wa radhi, kama mimi. Babako husema labda hakuwa na lolote, alitaka salamu tu na alizipata. Mimi sikubali wala sikatai. Pengine alikuwa na oda ya pilau.

Baada ya hapo niliharibika upande wa pili. Utakumbuka ule mwaka nilipokuwa natoka bafuni na povu kichwani nikisikia simu. Niliunguza nyama ya watu Mtongwe kwa kukimbilia namba ya mtu aliyekosea. Na watu wakinipigia wakianza hujambo, habari za huko, nilikuwa nawakata: "Sema kwanza ulilopigia! Salamu baadaye!" Wifi zangu wakaenda kumwambia babako kwamba tangu mamake afe Siti amekosa adabu, mtu hata hamalizi kumwamkia. Na walikuwa na haki. Nilikuwa najaribu kuiwahi ile dakika isiishe, kwa watu ambao walikuwa na siku nzima.

Sikuufuta ule ujumbe. Ndiyo sababu mashine yetu hujaa upesi, na nyinyi mnalalamika. Mle ndani kuna betri ndogo za akiba ambazo zikiisha na stima ikipotea, maneno yote yanafutika. Kila mwaka kabla ya mfungo nazibadilisha, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini. Wakumbuka siku nilipokupiga kofi kwa sababu ulichomoa waya wa simu uchomeke pasi? Ulikuwa na miaka kumi na nne, ulikuwa unanyosha sare yako, hukuwa na kosa hata moja. Ulinitazama ukaniuliza, "Mama, kwa waya?" Nilikwenda chumbani nikajifungia. Ule waya ndio uliokuwa umemshika nyanyako. Nisamehe kwa kofi lile, mwanangu. Limenikaa mkononi hadi leo.

Na kuna jambo jingine, ambalo wewe uliliona ukadhani ni mzaha. Alasiri kama hizi, mkiwa hampo, huwa nakaa kwenye kiti hiki nabonyeza. Jogoo yule aliliwa zamani, lakini nikibonyeza anawika. Na mama anauliza, hujambo mwanangu, ananyamaza. Mwanzo nilikuwa nalia tu kwenye zile nafasi. Kisha siku moja, sijui ilikuwaje, nikajibu. Sijambo, mama, shikamoo. Nikaona jibu langu limeingia pale sawasawa, halikumkata wala halikubakiza pengo. Wazima nyote? Wazima, mama. Baba Mejumaa hajambo? Hajambo, yuko Kipevu. Na Mejumaa, yuwasoma? Yuwasoma, mama. Ulipofaulu kidato cha nne nilimwambia. Ulipopata chuo nilimwambia. Naye kila mara anasema haya, alhamdulillahi. Wewe siku moja uliingia ghafla ukanikuta, ukamwambia babako kwamba mama anaongea na mteja aliyeshakata simu. Mkacheka wote wawili, nami nikacheka, nikaenda kuangalia chungu.

Wiki hii nimemwambia kwamba waenda Lodwar.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika. Jumamosi iliyopita, kwenye dua ya safari yako, wanawake wamejaa hapa, wewe unapitisha kahawa, mama mmoja akauliza nani atakupikia huko. Na mimi, mbele ya watu wote, nikasema, "Huyu? Huyu akichemsha maji, maji yanaungua." Wakacheka hadi wakafuta machozi. Ulitabasamu. Uliweka sinia mezani, ukaleta sukari, ukaendelea kugawa kahawa. Nikaliona lile tabasamu, Mejumaa. Nalijua. Nimelivaa mimi, uani Waa, na kijisahani cha chumvi mkononi.

Tangu Jumamosi wanijibu ndiyo mama, sawa mama. Adabu tupu, na mlango umefungwa. Na jana nilikupigia kwa simu hii ya mezani nikuulize kama utakula. Hukujua kwamba nimesimama hapa dirishani na wewe uko hapo barazani, umenipa mgongo. Nikaiona simu yako imewaka. Ukaitazama. Ukasoma jina. Kisha ukaigeuza, ukailaza kifudifudi pale kwenye sakafu, ukaendelea kutazama njia.

Sikukasirika. Ningekasirika ingekuwa nafuu. Nilikaa chini na mkono wa simu ukiwa bado sikioni unalia. Nikajua sasa ndivyo nilivyoonekana mimi siku ile, ila mama hakuwa na dirisha la kunionea. Alijua tu anangoja.

Kwa hivyo naomba radhi. Nimeandika, na sitafuta. Nilikuvunja mbele ya watu, na nilijua utamu wake wakati nasema, kwa sababu walikuwa wanacheka na mimi hupenda kuchekewa. Wewe wapika. Ule mchuzi wako wa nazi wa mwezi uliopita nilimaliza uliobaki kwenye sufuria kwa kidole, nikasema ni paka. Ukweli ni kwamba waondoka, na mimi nikiogopa kitu hukifanyia mzaha.

Sikwambii usinikasirikie. Utanikasirikia, na mara nyingine nitakuwa nastahili. Sikwambii upokee kila simu, nawe una wagonjwa na damu za watu mkononi. Naomba moja. Siku ukiona jina langu limekaa pale kwenye kioo na moyo wako hautaki, inua useme, "Mama, leo nimekasirika, nipigie kesho." Nitakata mwenyewe. Nitakwenda jikoni nivunjevunje vyombo, lakini nitalala. Hasira yako naiweza. Kile ambacho sikiwezi ni taa inayowaka chini ya kitambaa.

Na ukipiga wewe usinikute, usifanye kama nyanyako. Anza na lako: mama naumwa, mama nimepata mchumba, mama nakuchukia. Salamu uziweke mwisho, na zikikatwa na mlio si neno, nitajua zilikuwa njiani. Lakini kama siku hiyo huna jambo lolote, basi niamkie tu, dakika nzima, uniulize na unyamaze. Nitakujibu. Nina mazoezi.

Nimefanya kitu kingine leo mchana babako alipokuwa msikitini, na hajui bado. Nimeifuta shehena yake. Nimerekodi sauti yangu. Mara ya kwanza nilisema maneno mengi, nikalia, nikafuta. Mara ya pili paka akaangusha kikombe. Mwishowe nikabakiza neno moja tu, lile ambalo mtoto akiitwa na mamake huitika, na ambalo siku ile ya tii, tii mama alinibishia hodi akalingojea na hakulipata. Ukipiga kutoka Lodwar nisipokuwepo, utanisikia nasema, "Abee." Kisha mlio, kisha zamu yako.

Lakini hilo ni la Lodwar. Leo bado uko hapa. Barua hii naiweka chini ya simu, pale unapochajia yako, na ncha yake nimeitoa nje uione. Ukishaisoma, bonyeza hicho kitufe cha kijani umsikilize nyanyako, mara moja tu, na umjibu ukitaka. Kisha niite. Usije na shikamoo wala maneno. Niite tu kutoka hapo sebuleni.

Niko jikoni. Napika pilau ya kukuaga. Nyama imeiva, mchele nimeshaosha, na supu iko motoni haina chumvi. Sitaitia mimi. Nangoja uje uonje, uniambie imepungua kiasi gani.

Mamako,
Siti